Penalti Si Bahati Nasibu: Tunavyozoeza Kichwa na Miguu kwa Pamoja

Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 2025, Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya Kenya, walitoka sare ya 1-1 na Madagaska katika robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, pale uwanja wa Kasarani. Dakika 120 zikaisha, tukaenda kwa matuta, yaani mikwaju ya penalti, tukatolewa 4-3. Kwa siku kadhaa baada ya hapo Nairobi ilikuwa na kauli moja tu. Kwenye matatu, kwa kinyozi, kibandani kwa chapo madondo, kila mtu alisema penalti ni bahati nasibu, leo kwako kesho kwa mwenzako. Hata watu wazima walioshika filimbi ya ukocha tangu mimi nikiwa mtoto walisema hivyo.

Sikubaliani nao, na kauli hiyo haiishii kwenye mazungumzo tu. Kocha akishaamini kuwa penalti ni bahati, hatengi muda wa kuizoeza. Mchezaji naye akishaamini hivyo, anaenda kuipiga akiwa hana cha kushika. Mimi huwafundisha soka wasichana katika mtaa mmoja wa Eastlands, wengi wao wakiwa wa sekondari, na kama kuna jambo ninalolishikilia katika kazi hii ni kwamba kichwa nacho hupigishwa tizi. Tena tizi hilo halifanyiki kando, kwenye kiti, usiku wa kuamkia mechi. Hufanyika palepale kwenye vumbi, mwili ukiwa umechoka.

Hebu tuitazame penalti yenyewe. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mpira uko mita 11 kutoka kwenye mstari. Siku ya mazoezi, mchezaji yeyote anayejua kupiga mpira ataingiza mikwaju mingi kuliko atakayoikosa, tena huku akicheka na wenzake. Siku ya mechi hakuna kipimo hata kimoja kinachobadilika. Kinachoongezeka ni safari ya kama mita 40 kutoka duara la katikati hadi kwenye nukta, na safari hiyo mtu huifanya peke yake.

Beki wetu wa kushoto, msichana mpole mwenye mguu mzuri sana, aliwahi kuupaisha mpira juu ya mwamba katika nusu fainali ya kombe la mtaa. Jioni ile, tukikusanya koni, akaja akaniambia: "Kocha, nilijua naupeleka wapi. Nilipofika pale nikasahau hii miguu ni ya nani." Sijawahi kusikia mtu akilieleza jambo hili vizuri zaidi yake.

Kilichompata kinajulikana. Mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi hupanda kifuani na kuwa fupi, shingo na mabega hukaza, macho hukodolea kitu kimoja na kuacha vingine. Hali hiyo humfaa sana mtu anayekimbizwa na mbwa. Haimfai anayetakiwa kuusukuma mpira kwenye pembe kwa upande wa ndani wa kiatu. Juu ya hayo, akili iliyoingiwa na hofu huanza kuusimamia mguu: niuweke hivi, niinamie huku, nisiutoe nje. Ustadi ambao mwili umeuzoea kwa miaka huvurugika ukianza kusimamiwa hatua kwa hatua. Kwa hiyo msichana yule hakuwa mwoga. Alikuwa na mwili unaofanya kazi yake ya kawaida, ila hakuna aliyemfundisha namna ya kuutuliza, na mafunzo hayo yalikuwa wajibu wa sisi makocha tulio kwenye mstari.

Anayedai ni bahati aniambie basi takwimu hizi zinatoka wapi. Geir Jordet, mtafiti wa Norway, amechambua penalti za mashindano makubwa kwa miaka mingi. Mwaka 2008, yeye na Esther Hartman walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mpigaji ambaye bao lake lingeipa timu ushindi papo hapo alifunga kwa asilimia 92. Yule ambaye kukosa kwake kungeitoa timu papo hapo alifunga kwa asilimia 62. Mpira ni uleule, mita ni 11 zilezile, na wote ni wachezaji wa timu za taifa. Tofauti ni kile mtu anachokiwaza anapousogelea mpira. Sarafu ukiirusha haijui kama wewe unaongoza au unaelekea kutolewa. Hao wapigaji walijua.

Jordet aliona jambo jingine ambalo mimi nalitazama kila mechi sasa. Wachezaji waliozidiwa na presha hukimbilia kumaliza. Humpa kipa mgongo wanaporudi nyuma, na filimbi ikilia wanaondoka mara moja, kana kwamba wanataka jambo lile liishe tu. Hao ndio hukosa zaidi. Tazama mechi yoyote ya matuta ukiwa na hilo akilini, utaanza kuona nani yuko mashakani kabla mguu haujagusa mpira.

Wapenzi wa ligi ya Uingereza, ambao mtaani kwetu ni karibu kila mtu, wanakumbuka mkosi wa timu ya taifa ya huko. Walitolewa kwa matuta katika Kombe la Dunia la 1990, 1998 na 2006, na katika Euro za 1996, 2004 na 2012. Gareth Southgate mwenyewe ndiye aliyekosa dhidi ya Ujerumani mwaka 1996. Alipokuja kuwa kocha alikataa habari ya bahati, akaifanya penalti kuwa sehemu ya maandalizi: nani anapiga, anatembeaje, anapumuaje, anachukua muda gani. Mwaka 2018 kule Urusi wakaitoa Kolombia kwa matuta, ushindi wao wa kwanza wa namna hiyo katika Kombe la Dunia. Mwaka 2021 walishindwa na Italia kwa matuta katika fainali ya Euro, hilo nalo tuliseme, kwa maana mazoezi hayamwahidi mtu kombe. Halafu mwaka 2024 wakakutana na Uswisi, wote watano wakafunga.

Sasa nieleze tunavyofanya sisi, maana hapa ndipo pana faida kwa mwenye timu.

Tunafanya Alhamisi jioni, mwisho kabisa wa mazoezi, baada ya mbio fupi za kwenda na kurudi kati ya koni. Miguu iwe mizito na pumzi iwe juu. Penalti inayopigwa kabla ya kupasha misuli, huku watu wakisubiri wenzao wafunge kamba za viatu, haifundishi chochote kuhusu dakika ya 120. Timu nzima inasimama kwenye duara la katikati, mikono mabegani. Hakuna anayepanga foleni karibu na nukta. Naita jina moja. Aliyeitwa anatembea peke yake, na wavulana wanaongoja zamu yao ya uwanja nimewaomba wasimame nyuma ya goli wapige kelele. Matusi sitaki. Kelele zingine zote ruhusa: wamwite jina, wamwambie atakosa, wapige madebe. Kipa anaruhusiwa kuushikilia mpira, kujifanya anafunga glavu, kumchelewesha. Mpigaji lazima auchukue mpira mwenyewe na kuuweka chini kwa mikono yake. Asiupokee ukiwa umeshawekwa.

Akishauweka, anarudi nyuma akiwa amelitazama goli, asigeuze mgongo. Anavuta pumzi kwa pua hadi tumbo liinuke, si kifua. Anaitoa kwa mdomo polepole, muda mrefu kuliko alioivutia. Hilo la kuitoa kwa muda mrefu lina sababu: moyo huharakisha kidogo tunapovuta pumzi na hupungua tunapoitoa, kwa hiyo pumzi ndefu ya kutoka ndiyo breki tuliyonayo karibu zaidi. Mabega yashuke. Macho yatafute tundu moja la wavu pale anapotaka mpira uende, yatulie hapo. Joan Vickers wa Kanada alionyesha kwamba wanamichezo hodari hulituliza jicho kwenye shabaha muda mrefu zaidi kabla ya tendo kuliko wasio hodari, na kwamba jambo hilo linafundishika. Filimbi ikilia, mpigaji anasubiri kidogo, kisha anaenda kwa muda wake mwenyewe.

Mkwaju ni mmoja. Siku hiyo hapati wa pili. Mwanzoni walilalamika sana, wengine wakataka kurudia hadi waingize. Nikawaeleza kwamba mkwaju wa pili huufuta wa kwanza, na ninachotaka wazoee ni ule usiofutika. Akikosa hakuna adhabu, wala kuzunguka uwanja wala pushapu, kwa sababu anayeadhibiwa kwa kukosa hujifunza kuogopa kukosa, na tumeshaona mwenye kuogopa kukosa anafunga kwa kiasi gani. Anarudi katikati, wenzake wanampokea mabegani, namwita mwingine.

Akifunga, ashangilie akiwatazama wenzake. Hili nalo si pambo. Mwaka 2010 Jordet na wenzake Tjerk Moll na Gert-Jan Pepping walichapisha uchambuzi wa matuta ya mashindano makubwa wakaona kuwa mpigaji aliyeshangilia waziwazi, mikono yote juu, alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa katika timu iliyoshinda mwishowe. Furaha huambukiza, na anayefuata kutembea zile mita 40 anahitaji kuambukizwa kitu kizuri.

Baadaye kila mmoja anaandika kwenye daftari lake: niliamua kupeleka wapi kabla sijaondoka katikati, na mpira ulienda wapi. Mistari miwili inatosha. Mkimbiaji wa marathoni Eliud Kipchoge ameandika mazoezi yake kwenye madaftari kwa miaka mingi, na ninawaambia wasichana kwamba kama mtu huyo anaona haja ya kalamu, na sisi tunayo. Baada ya wiki kadhaa daftari hukuonyesha usilolijua. Kiungo wetu mmoja aligundua kwamba kila alipobadilisha nia njiani alikosa au kipa alipangua. Nilikuwa sijamwambia hivyo. Alijisomea mwenyewe.

Halafu kuna maneno ambayo mtu hujisemea. Mwaka 2014, watafiti walioshirikiana na Samuele Marcora waliwapandisha watu 24 kwenye baiskeli za maabara wakaendesha mpaka nguvu ziwaishie. Nusu yao wakafundishwa kuchagua maneno ya kujiambia na kuyatumia. Waliporudia jaribio, waliofundishwa walidumu kwa takribani asilimia 18 zaidi. Dawa hawakupewa, wala mlo mpya. Kwetu kila msichana anachagua neno lake na hatakiwi kumwambia mtu, ingawa wengi huniambia. Mmoja husema "tulia, piga." Mwingine hujisemea kwa Kikamba neno ambalo nyanya yake alimwambia zamani wakipanda mlima na mitungi ya maji, na nadhani hilo ndilo lenye nguvu kuliko yote timuni, kwa sababu lilikuja na mlima wake. Sharti langu ni moja: neno liseme cha kufanya. "Usikose" hulibakiza kosa kichwani. "Chini, kulia" huupa mguu kazi.

Kuna pia kuona kwa akili. Miaka ya 1930, daktari Edmund Jacobson wa Chicago alipima misuli ya watu waliolala tuli huku wakijiwazia wanakunja mkono, akakuta umeme mdogo ukipita katika misuli ileile ya mkono huo. Mwili husikiliza kile akili inachokichezesha. Sisi Wakenya tunaye shahidi wetu: Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za kina Jan Železný kwenye YouTube, akiwa hana kocha wa mkuki, na mwaka 2015 kule Beijing akarusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Alitazama, akarudia kwa akili, akarudia kwa mkono. Wasichana wangu hufanya dakika chache kitandani kabla ya usingizi. Nawaambia wasiwaze bao peke yake. Wawaze vumbi, kelele za wale wavulana, mkono wa mwenzao unavyoachia bega, uzito wa mpira mkononi, pumzi. Anayewaza nyavu zikitikisika tu hajajiandaa kwa ile safari.

Lakini nisieleweke kwamba pumzi na maneno vinatosha. Nimeona siku hizi watu wakizungumza habari za akili kana kwamba mwili ni gari la kukodi. Mchezaji ambaye sukari ya misuli imemwishia dakika ya 75 hana akili ya kukopa. Kila kitu alichonacho kinatumika kumsimamisha. Aliyejengeka vizuri hubakiwa na akiba ya umakini, na akiba hiyo ndiyo kichwa kinachohitajika kwenye matuta. Kwa hiyo miguu kwanza, na miguu muda wote.

Eastlands ni tambarare, kwa hiyo tukipata nauli tunaenda Karura, msitu ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi kupigwa, na ambao leo mtoto wa mtaani anaweza kukimbia ndani yake chini ya miti hadi kwenye maporomoko ya maji. Pale tunakimbia polepole na kwa muda mrefu, mwendo wa mtu kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika. Vijana wengi hawaamini kwamba polepole ni mazoezi. Hao hao wangewafuata wanariadha wa Iten, kule mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, siku ya mbio nyepesi, wangeshangaa jinsi mabingwa wa dunia wanavyoanza asubuhi kwa mwendo wa taratibu kabisa. Siku ya ukali ni ukali kwelikweli: dakika moja kasi, dakika moja wepesi, tena na tena juu ya vilima. Kosa la timu nyingi za mtaa ni kukimbia kila siku mwendo wa katikati, ambao haujengi pumzi ndefu wala kasi, unachosha tu.

Kwa wasichana naongeza jambo ambalo naomba kila kocha alitilie maanani: goti. Wasichana huumia ukano wa ndani ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana, na jeraha hilo humla mtu mwaka mzima, wakati mwingine humaliza safari yake ya soka. Upo mpango wa kupasha misuli uitwao FIFA 11+, wa dakika kama 20, usiohitaji kifaa zaidi ya mpira na alama chache uwanjani, na utafiti umeonyesha unapunguza majeraha sana ukifanywa kwa uaminifu. Ndani yake mna kukimbia, kujisawazisha kwa mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua. Hapo kwenye kutua ndipo ninapokaa muda mrefu. Natazama magoti tu. Yakitua yameelekea ndani, yakigusana, nasimamisha zoezi, namshika mabega, anarudia akiwa amekunja magoti na kuyaelekeza juu ya vidole vya miguu, atue bila kishindo. Msichana anayeliamini goti lake huingia kwenye mpira bila kujizuia. Hapo sijui niseme nimezoeza mwili au kichwa.

Chakula sitakaa nacho sana. Wengine wanakuja kutoka shule tumbo likiwa tupu, na hakuna mafunzo ya akili yanayoshinda njaa. Mama mmoja mzazi wetu hupika uji wa wimbi kabla ya mazoezi, nasi huchangia unga. Nawasisitizia pia ndengu, mboga za kijani na maini yakipatikana, kwa sababu msichana anayepoteza damu kila mwezi na asiyekula chakula chenye madini ya chuma huchoka mapema, halafu tunamwita mvivu.

Usingizi ndio vita yangu kubwa. Mwaka 2011, Cheri Mah na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaomba wachezaji 11 wa mpira wa kikapu walenge kulala kwa muda wa saa 10 kila usiku kwa wiki kadhaa. Wakawa na kasi zaidi, na mitupo yao huru ikaboreka kwa asilimia 9. Mtupo huru wa kikapu ni ndugu wa penalti: mtu, mpira, shabaha, na kila mtu anakutazama. Kulala tu kulifanya hivyo. Najua nyumba zetu. Najua chumba kimoja chenye televisheni na watu sita, na kwa hiyo siwezi kumwagiza mtoto alale kwa saa 10. Ila simu naweza kuizungumzia.

Mwaka 2009, Marcora na wenzake waliwapa watu 16 kazi ya kompyuta ya dakika 90 iliyohitaji umakini mfululizo, kisha wakawapandisha kwenye baiskeli. Siku nyingine watu walewale walitazama filamu tulivu kwa muda uleule kabla ya kuendesha. Baada ya kazi ya kompyuta walikata tamaa mapema, kwa takribani asilimia 15. Moyo na misuli vilikuwa sawa na siku ya filamu. Walihisi tu kazi ni nzito zaidi. Walichofanya hakikuwa kupitia simu, nakiri, lakini mimi nimewatazama wachezaji wakishuka kwenye matatu baada ya safari nzima ya kujibizana na wapinzani kwenye mitandao, na uso wanaoshuka nao si uso wa mtu aliyepumzika. Siku ya mechi simu zinakaa kwenye mfuko mmoja, anaushika nahodha, na ndani ya gari tunaimba.

Kwa sababu hizi zote hotuba za usiku wa mwisho zimenichosha. Simsemi anayeomba, maana nasi huomba, na maombi hutuliza. Nasema kuhusu ile sauti ya kocha inayopanda, kifo au ushindi, mtaa mzima unawategemea, mkishindwa msirudi. Watoto wale tayari moyo unawaenda mbio. Unawaongezea nini? Na asubuhi yake mtu huyohuyo anasimama kwenye mstari akimtukana beki kwa jina mbele ya mama yake. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, nasi kwenye makombe ya mtaa, kama Koth Biro kule Ziwani, tunajua mashabiki husimama karibu kabisa na mstari na kila neno linafika. Anayetunzwa namna hiyo anahitaji kocha ambaye sauti yake inashuka mechi inapopanda.

Nikitaka kuwaonyesha wasichana utulivu unavyofanana, huwaonyesha wakimbiaji. Kipchoge alikosa nafasi katika timu ya Olimpiki ya London mwaka 2012, yeye aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa kijana mdogo. Mwaka uliofuata alihamia marathoni, akashinda Hamburg, na tarehe 12 Oktoba 2019 kule Vienna akakimbia kilomita 42 na ushee kwa 1:59:40. Katika kilomita ngumu utamwona anatabasamu. Noel Brick na wenzake walilijaribu jambo hilo mwaka 2018, wakaona wakimbiaji wakitabasamu hutumia nishati pungufu kidogo, chini kidogo ya asilimia 3, kuliko wanapokunja uso. Kisha nawaonyesha Faith Kipyegon, aliyejifungua mwaka 2018 akarudi kuchukua dhahabu ya mita 1,500 Tokyo na Paris juu ya ile ya Rio. Nawaambia waache miguu yake, watazame mabega katika mzunguko wa mwisho. Wasichana wa Junior Starlets, timu ya Kenya ya rika hilo, nao, walipokwenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2024 kule Jamhuri ya Dominika na kuifunga Meksiko, walikuwa rika la hawa wangu. Hilo halihitaji maelezo.

Kipa naye asisahaulike. Watafiti wa Israeli wakiongozwa na Michael Bar-Eli walichambua penalti 286 mwaka 2007. Makipa walibaki katikati mara chache mno, asilimia 6.3 tu, ingawa kubaki kungewapa nafasi bora ya kuokoa. Kisa chake ni kwamba kipa aliyeruka akafungwa huonekana amejitahidi, na aliyesimama akafungwa huonekana amezubaa. Kipa wetu nimemwambia mbele ya timu nzima kwamba akisimama akafungwa, mimi ndiye niliyemwagiza. Tangu hapo anangoja kidogo zaidi, na wapigaji wetu wanachukia jambo hilo, kitu ambacho ndicho ninachokitaka Alhamisi jioni.

Makombe mengi ya mtaani mechi ikiisha sare haina dakika za nyongeza. Ni matuta moja kwa moja, kwa sababu giza linaingia na uwanja una timu nyingine inayongoja. Kwa hiyo timu ya mtaa ina sababu zaidi ya kulifanyia kazi hili kuliko hata timu ya taifa, na gharama yake ni mpira mmoja na nusu saa. Kabla ya msimu wa Desemba tumekubaliana na timu mbili jirani kufanya zoezi hili pamoja, ili wapigaji wakutane na kipa wasiyemjua na kelele wasizozizoea. Timu nyingine za Eastlands zinazotaka kuja zije, za wasichana au za wavulana. Kila timu ilete kipa wake, madaftari, na mashabiki wenye sauti.